Baba Alivyoimba Kwenye Televisheni

Kama una wimbo wa baba yangu kwenye simu yako, ufute. Najua hutaufuta. Nimeshawaambia wauguzi wenzangu, nimemwambia mwenye nyumba wangu, nimemwambia mpaka katekista, na wote wamenitazama kama mtu aliyesusa chakula kwenye harusi ya ndugu yake. "Jamani, wimbo mzuri vile!" wanasema. Halafu wanaucheza tena, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo.

Nafanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati moja huku Mbamba Bay. Mwaka juzi mtu wa kwaya kule Mbinga alikuta mkanda wa zamani wa video kwenye kabati la parokia, akaupeleka kwa fundi, ukahamishiwa kwenye simu. Haikupita wiki ulikuwa umeshuka milima yote mpaka ziwani. Asubuhi moja alikuja mama mmoja kupimwa presha. Nimemfunga mpira mkononi, simu yake ikalia, na mlio wenyewe ni baba yangu anaimba. Presha niliisoma vibaya, ikabidi nirudie.

"Nesi," akaniambia, "hawa ndio wanaume waliokuwa wanajua kupenda. Siku hizi hawapo."

"Huyo ni baba yangu."

Nilikosea kusema. Alinikumbatia na mpira wa presha bado uko mkononi mwake, akawatangazia wote waliokuwa kwenye benchi, na tangu siku hiyo mimi si nesi tena. Ni mtoto wa Mwalimu wa wimbo. Mjamzito yuko kwenye uchungu, ananishika mkono, ananiuliza kama ni kweli baba alilia.

Alilia, ndiyo. Chozi moja, jicho la kushoto. Kila mtu amelihesabu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na watu wote walimwita Mwalimu, hata mama. Ni Mmatengo wa milimani, Mkatoliki, mwenye shamba la kahawa na sauti. Mama ni Mnyasa wa Chiwanda. Kwao ni Waanglikana na wavuvi. Alipoolewa alipanda mlima na akabadili kanisa. Enzi hizo kulikuwa na kipindi cha televisheni cha Jumapili mchana, watu wa kawaida wasio na bendi wanaletwa kutoka mikoani kuimba. Baba aliandika barua, akajibiwa, akaenda Dar es Salaam na suti ya kuazima iliyombana mabegani. Ukiangalia vizuri kwenye simu yako utaona hawezi kunyanyua mikono. Watu wanasema alitulia kwa hisia. Hakutulia. Aliogopa kuchana suti ya mtu.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Jumapili ile ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Jenereta lilinguruma nje, dishi lilifungwa kwenye mti wa msindano kwa waya, na padri mwenyewe alimkalisha mama kiti cha mbele kabisa, kiti cha plastiki chenye mikono, wakati wanawake wengine wote walikuwa kwenye mabenchi. Mama alivaa kitenge kipya. Nilikaa sakafuni kati ya miguu yake na nilisikia magoti yake yanatetemeka mgongoni kwangu.

Tulivumilia taarifa ya habari, tukavumilia matangazo ya sabuni. Halafu mtangazaji akasema, "Kutoka Mbinga, mkoani Ruvuma," na ukumbi ulilipuka kwa kelele hata jina lake hatukulisikia. Baba akatokea. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomjua, na mweupe kidogo kwa sababu ya poda waliyompaka. Mtu mmoja alimpigia gitaa nyuma yake. Akaanza kuimba taratibu.

Ni wimbo wa mwanaume aliyemwona mwanamke ziwani jioni, anafua juu ya jiwe jeupe, nywele zimelowa, ananukia maua ya porini. Anamwomba wapande pamoja mlimani. Anamwambia baridi asiiogope, yeye atakuwa moto wake. Ubeti wa mwisho anafumba macho, na alipoyafumbua chozi likashuka. Wimbo ulipokwisha alitazama moja kwa moja kwenye kamera akasema, "Huu ni wa mke wangu. Ananiona sasa hivi."

Ukumbi mzima uligeuka kumwangalia mama. Wanawake walipiga vigelegele, mmoja akavua kanga yake na kumtandikia mama miguuni. Mama alijifunika mdomo kwa mkono. Niligeuza shingo nikamtazama kutoka chini, na nilichokiona usoni kwake sijawahi kukiona tena, kwake wala kwa mtu mwingine yeyote.

Niseme ukweli, kwa sababu naandika kwa hasira na mwenye hasira anaaminika nusu. Wimbo ni mzuri. Nimeusikiliza peke yangu mara nyingi nikitafuta mahali palipoharibika, na nimepata mahali pamoja tu, ubeti wa pili, anapochelewa kidogo kuingia. Basi. Kwingine kote vinyweleo vinanisimama, na nikiona vimesimama namchukia zaidi.

Alirudi baada ya siku nne. Watu walikwenda kumpokea Kitai, kwenye barabara ya Songea, wakasimamisha basi alilopanda, wakamshusha na kumbeba juu juu. Wiki nzima nyumbani palikuwa na wageni. Mama alipika mpaka sufuria za majirani zikaisha. Halafu wageni wakaondoka, msimu wa kahawa ukaanza, na siku moja wakati wa chakula cha mchana baba aliniangalia mimi akasema, "Mwambie mama yako chumvi imezidi."

Mama alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwake. Nilicheka, nikidhani ni utani.

"Umenisikia?"

"Mama, baba anasema chumvi imezidi."

"Nimesikia, Mwalimu," mama akasema. "Samahani."

Baba aliendelea kunitazama mimi, anangoja. Nikaelewa. Nikasema, "Amesema samahani." Ndipo akaendelea kula.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na iliendelea miaka kumi. Sizidishi. Kwa miaka kumi baba hakumsemesha mama neno moja, na mama kila mara alimjibu yeye mwenyewe, kwa adabu, na yeye alingoja mpaka jibu lipitie kwangu. Shambani, tukichimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo ya kuzuia maji kwenye mteremko, alisimama juu yetu: "Mwambie mama yako mstari umepinda." Mama aliumwa malaria, amelala amejifunika mablanketi mawili, baba akasimama mlangoni na kuniuliza mimi, "Mwulize kama amekunywa dawa." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda nikamwuliza mama yangu kama amekunywa dawa, na yeye akatikisa kichwa kwamba ndiyo, na mimi nikageuka nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Kanisani aliimba. Kwenye harusi waliomba ule wimbo na aliuimba, akimnyooshea mama mkono kutoka jukwaani, na mama alisimama, akacheza taratibu, akarudi kukaa. Tukifika nyumbani: "Mwambie mama yako nataka maji ya kuoga."

Nilimwuliza mama mara moja tu tulipokuwa tunachuma kahawa. "Kwa nini hasemi na wewe?"

"Mwalimu amechoka," akasema. "Angalia kikapu chako, umechanganya na mbichi."

Nilipofika miaka kumi na tisa nilipata chuo cha uuguzi nikaondoka. Sikuwa na mdogo wa kumwachia ile kazi. Baada ya wiki tatu mama alinipigia kwa simu ya jirani. Alikuwa na furaha, nilisikia hata kabla hajasema. "Baba yako leo kaniambia nilete chai," akasema. "Kaniambia mimi. Kasema, leta chai." Hakuna la ziada lililosemwa, hakuna maelezo, hakuna samahani. Mdomo wake ulikuwa umesafiri, basi akatumia mdomo wake mwenyewe. Nilikata simu nikaenda kufua mashuka ya wodi ambayo hayakuwa zamu yangu.

Sasa unaelewa kwa nini sitaki kuusikia. Unaelewa pia nilivyojisikia mwaka jana mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, aliponipigia kuniambia kwaya inatimiza miaka mingi, wanafanya sherehe, na mgeni rasmi ni Mwalimu. Wataonyesha wimbo ukutani kwa mashine. "Na wewe nesi wetu usikose. Mama Mwalimu ameomba uje."

Nilimpigia mama. "Ni kweli umeomba?"

"Nimeomba. Magoti yananiuma, nani atanishika kupanda ngazi za ukumbi?"

Nikapanda basi la asubuhi. Siku hizi ni lami, ile safari ya kutapika kwenye mifuko imekwisha. Unaliona ziwa linabaki chini, linapungua kila kona, halafu baridi inaingia dirishani. Nilipofika mama alikuwa ameshavaa. Baba alikaa barazani na koti, ndevu nyeupe, mgongo umenyooka. Nilimwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ziwani samaki wapo?"

"Wapo."

"Hukuleta."

Hivyo tu ndivyo tulivyosemeshana kabla ya sherehe.

Ukumbi ni ule ule, umewekewa vigae na feni ambazo Mbinga hazina kazi. Watu walikuwa wengi kuliko siku ile ya jenereta. Wengi hawakuwa wamezaliwa siku ile, lakini waliimba kila neno. Baba alitokea ukutani, mkubwa kama nyumba, na suti yake ya kuazima, na nilisikia wanawake wazima wanavuta kamasi. Mzee mmoja nyuma yangu alisema, "Siku ile, siku ile." Chozi liliposhuka walipiga makofi kama wamefunga goli.

Taa zikawashwa. Mwenyekiti wa kwaya akamwita mama mbele. Nilimshika mkono nikampandisha ngazi tatu za jukwaa, nikabaki pembeni yake. Mwenyekiti akampa kipaza sauti.

"Mama Mwalimu, tunakuonea wivu sisi! Hebu tuambie leo. Mwanaume aliyekuimbia hivyo mbele ya Tanzania nzima, nyumbani yukoje?"

Mama alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Ni mzuri," akasema.

"Ongeza!" watu wakapiga kelele.

"Ni mzuri tu. Yuko vile vile."

Walicheka na kushangilia, na mama akatabasamu, na mimi nilinyoosha mkono nikamnyang'anya kipaza sauti. Sikupanga. Najua kila anayefanya jambo kama hili husema hakupanga, lakini mimi nilikuja na tiketi ya kurudi na nia ya kunyamaza.

"Miaka kumi," nikasema, na sauti yangu ilirudi kutoka kwenye spika ikiwa nene kama ya mtu mwingine. "Baada ya wimbo huu, baba yangu alikaa miaka kumi bila kumsemesha mama yangu. Kila neno alilipitisha kwangu. Mwambie mama yako, mwambie mama yako. Nilikuwa mtoto. Hicho ndicho mnachokipigia makofi."

Spika ilipiga mluzi. Mwenyekiti alikuwa bado na tabasamu usoni, limesahauliwa pale. Nikamtazama baba, na nikiri kwamba nilikuwa na furaha. Nilingoja nimwone anainama.

Baba alisimama bila haraka. Hakuhitaji kipaza sauti, hajawahi kukihitaji.

"Binti yangu ametoka ziwani leo leo," akasema. "Joto la kule mnalijua."

Ukumbi ulicheka. Ulicheka sana, kicheko cha watu waliookolewa. Akainua mkono, wakanyamaza.

"Lakini ni kweli, nilikuwa mtu wa maneno machache. Yote niliyaweka kwenye wimbo."

Vigelegele. Vigelegele kama vile vya nilipokuwa na miaka tisa. Kwaya ikasimama, mtu wa kinanda akatafuta ufunguo wa wimbo, na baba akaanza, sauti imekauka kidogo lakini iko pale pale, na ukumbi mzima ukaimba naye. Mimi nimesimama jukwaani nimeshika kipaza sauti. Mwenyekiti alikichukua mkononi mwangu kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaninong'oneza, "Pole mdogo wangu, umechoka."

Tulirudi nyumbani mchana, mimi na mama. Baba alibaki kula na wageni wake. Mama alivua kitenge, akavaa gauni la kazi, akaketi uani kwenye kigoda na ungo wa maharage. Alichambua muda mrefu. Nilimletea maji, hakuyagusa.

"Nani alikutuma?" akaniuliza.

"Mama, mimi nili..."

"Nimekuuliza nani alikutuma. Kipaza sauti nilikuwa nimekishika mimi. Niliulizwa mimi."

"Ulisema uongo."

"Nilisema nilichotaka." Alitupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo. "Ulitaka niwaambie nini wasichokijua? Unadhani hawajui? Walikuwa wanapita hapo njiani kila siku, wanamsikia. Mwenyekiti yule kakaa jirani na sisi miaka yote. Watu wote wa Mbinga wanajua."

Sikuwa nimewahi kuwaza hivyo. "Basi kwa nini wanapiga makofi?"

"Wimbo ni mzuri," akasema mama.

Nilikasirika. Nikamwambia amekuwa kama wao, kwamba anaangalia picha ya mtu aliyepakwa poda huku mwenyewe yuko barazani anauliza samaki. Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika. Aliniacha nimalize. Halafu akaweka ungo chini.

"Siku moja baada ya wageni kwisha," akasema, "tulikuwa tunaanika kahawa, mimi na yeye, wewe uko shule. Akaanza kuniimbia. Si kwa sauti ya kanisani, kwa sauti ndogo. Wimbo wote, mpaka mwisho. Mikono yake ina utelezi wa kahawa. Alipomaliza akaniangalia, anangoja."

"Ukasema nini?"

"Nikacheka. Nikamwambia, Mwalimu, wewe ulinikuta Kitai sokoni nauza dagaa, na dagaa ndiyo niliyokuwa nanukia. Kwetu hukufika mpaka ulipokuja na wazee wako kuposa. Sasa huyo wa kwenye jiwe jeupe, wa kunukia maua, ni nani?" Mama alifuta mikono kwenye gauni. "Niliuliza kwa utani. Nilikuwa na furaha. Akaweka chini ule ubao wa kusambazia kahawa, akaondoka. Kesho yake ndiyo chumvi ikazidi."

"Kwa hiyo ni kosa lako?"

"Sijasema ni kosa langu! Miaka kumi ni ya kwake, atakwenda kuijibu mwenyewe. Nasema aliniimbia mara mbili, zile za harusini sizihesabu. Mara moja nikamharibia. Ya kwenye televisheni sikuiharibu, nilikaa kimya kwenye kiti nikasikiliza. Hiyo ndiyo niliyonayo. Leo umesimama mbele za watu umeitia mkono."

"Na mimi?" nikasema. "Mimi niliyekuwa katikati?"

Alinitazama kama mtu ambaye hakulitegemea swali hilo.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Watoto hutumwa."

Akachukua ungo wake.

Niliondoka kesho yake na basi la kwanza. Nimetafakari sana hadithi ile ya kahawa na sijaikubali. Mtu kucheka, tena kwa furaha, alipwe kwa miaka kumi! Na mwanaume anayejua kutunga mwanamke wa jiwe jeupe angeshindwa vipi kumtunga wa Kitai, mwenye beseni la dagaa kichwani? Huyo ndiye aliyewapikia wageni wote. Huyo ndiye aliyekuwa anatetemeka magoti. Kama angemwimba huyo, huenda hata mimi ningekuwa na mlio huo kwenye simu.

Mama hakunipigia miezi miwili. Halafu akashuka kwenda Chiwanda kumzika mjomba, na alipokuwa anarudi alipita kwangu bila kunitaarifu, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamwandalia maji ya kuoga, nikaingia jikoni kukaanga samaki. Hatukuzungumza lolote kuhusu ukumbi. Alinieleza habari za msiba, nani alikuja, nani hakuja, jinsi kaburi lilivyojaa maji wakalichimba upya. Nilifurahi kuwa naye, nisingependa mtu afikiri vinginevyo.

Kisha nikasikia gitaa. Alikuwa amekaa mezani kwangu, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, sauti ameiweka mpaka mwisho.

"Mama, zima hiyo."

Hakuinua macho.

"Mama. Hapa ni kwangu."

"Basi toka nje," akasema, "mpaka imalizike."

Nikazima jiko nikatoka. Nilisimama uani kati ya nguo nilizoanika, jua linachoma, na dirisha liko wazi, kwa hiyo nilisikia yote, hata pale kwenye ubeti wa pili anapochelewa kuingia. Jirani aliyekuwa anasuka mkeka kibarazani kwake alianza kuufuatisha kwa pua. Nilimtolea macho, akaacha.

Nilipoingia ndani mama alikuwa ameshajipakulia samaki mkubwa kuliko wote na amekwisha kula kichwa.